Mimea ya rangi bustanini kwa sisi wa Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali naulizwa karibu kila wiki, mengine getini, mengine kwa WhatsApp na picha ya jani lililoungua. Niko Mikindani, udongo wangu ni kichanga na bahari iko karibu, kwahiyo mengi nayosema yanaanzia hapo. Ukiwa Masasi au Newala soma pia maswali ya mwisho, huko kwenu mambo yanabadilika kidogo.

## Ya mwanzo kabisa

Mimea ya rangi ndo ipi, maua au majani?

Mi nikisema mimea ya rangi namaanisha hasa majani. Ua la haibiskasi likichanua leo keshokutwa limeshanyauka, jani la kroton linakaa na rangi yake miezi. Kwahiyo hapa tunaongelea kroton (ile ya majani magumu yenye mabaka ya nyekundu na njano), kodilini (ile ya majani marefu ya zambarau au pinki, jirani yangu Mchaga anaiita masale mekundu na kweli inafanana na masale ya kwao), akalifa (kichaka cha majani mekundu ya shaba), kolias (ndugu wa mrehani, majani laini ya rangi rangi), kaladiamu (ya ukoo wa magimbi), na tredeskantia, kale kazambarau kanakotambaa chini. Bogenvilia naiweka humu humu, manake kile unachokiita ua sio ua, ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, kaangalie leo utaniambia.

Sijawahi kupanda kitu, nianze na ipi?

Kroton, akalifa na tredeskantia. Hizo tatu zinasamehe. Kolias ni nzuri mno kwa macho ila ukisahau maji siku mbili mwezi wa 10 unaikuta imelala chini kama mgonjwa. Kaladiamu usianze nayo kabisa mpaka usome swali la kaladiamu hapo chini, wengi wameitupa ikiwa hai.

Hii mimea ni ya kwetu?

Mingi sio. Kroton na kodilini asili yake ni kusini mashariki mwa Asia na visiwa vya Pasifiki, kolias nayo Asia huko huko, bogenvilia na kaladiamu zimetoka Amerika ya Kusini, tredeskantia ya zambarau ni ya Mexico. Zimekubali hapa kwa sababu joto ni lile lile. Tofauti ni moja, na ndo inatuumiza: huko kwao zilizoea unyevu, sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili au Mei kidogo, halafu miezi mitano sita anga haitoi kitu. Ya kwetu kweli kweli ni kama sansevieria, ndugu wa zile katani pori unazoziona vichakani, na adeniamu yenye shina nene na maua ya pinki. Hizo hazina habari na ukame.

Nipande mwezi gani?

Mvua ikishashika, yaani Desemba na Januari. Mmea unapata kama miezi minne ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Watu wanapenda kupanda Aprili kwa sababu ndo bustani inapendeza na mtu anapata hamu, halafu Juni wananiuliza mbona umesimama hauendi mbele wala nyuma. Unasimama kwa sababu umeuanzisha safari jioni.

Na ukichagua mmea usijiulize utakuwaje Januari, Januari hata kijiti cha mchicha kinapendeza. Jiulize utakuwaje Oktoba. Mi kila mmea nauona kwa jicho la Oktoba.

Mbona Oktoba Oktoba, kuna nini?

Mambo mawili yanakutana. Udongo umekauka tangu Mei, na jua linapita juu ya utosi. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwahiyo kuna vipindi viwili kwa mwaka ambapo saa 6 mchana kivuli chako kinajificha miguuni, katikati ya Oktoba hivi na tena mwishoni mwa Februari. Ile ya Februari inatukuta kwenye mvua na mawingu, haina shida. Ya Oktoba inatukuta wakavu.

## Jua na kivuli

Kroton yangu ilikuwa nyekundu na njano nilivyoinunua, sasa hivi ni kijani tu. Kwanini?

Mara nyingi ni kivuli. Kroton inahitaji jua ndo itoe rangi, ukiiweka chini ya mwembe au ndani barazani inageuka kijani ili inase mwanga mdogo uliopo. Ihamishe taratibu (angalia swali linalofuata, usiitoe kivulini ukaitupa juani siku hiyo hiyo). Majani ya zamani hayarudi, subiri mapya.

Sababu ya pili ni urea. Mtu anaona mmea umenyong'onyea anamwaga urea, majani yanatoka makubwa, laini, kijani tupu. Hiyo ni mbolea ya kuotesha majani ya kijani, ndo kazi yake, usiilaumu.

Kama ni tawi moja tu limegeuka kijani na mengine yana rangi, hilo ni suala jingine, mmea umerudi kwenye asili yake. Kata hilo tawi mpaka linapoanzia. Ukiliacha linakua haraka kuliko yale ya rangi na baada ya mwaka una kichaka cha kijani.

Nimeitoa kitaluni kwenye shedineti (wavu wa kivuli) nikaiweka juani, imeungua. Imekufa?

Haijafa. Jani lililokua kivulini ni laini, halijawahi kuona jua la saa 7. Anza kuiweka sehemu inayopata jua la asubuhi tu mpaka saa 4, wiki moja au mbili, halafu sogeza. Majani yaliyoungua yaache yadondoke yenyewe, bado yanafanya kazi kidogo.

Ipi jua kali na ipi kivuli?

Jua la kutwa: bogenvilia, kroton ikishazoea, akalifa, tredeskantia, adeniamu, na ile inayoitwa kana (ya majani mapana kama ya mgomba) kama una maji. Jua la asubuhi tu: kodilini zile za zambarau iliyoiva, kolias. Kodilini za pinki iliyopauka mpe kivuli chepesi, chini ya mnazi ni pazuri sana kwa sababu kivuli cha mnazi kinatembea, hakikai sehemu moja. Kaladiamu kivuli chepesi. Helikonia nayo inapenda kivuli chepesi na maji mengi, kwa sisi wa kichanga mi naiona usumbufu, nimejaribu mara mbili nikaacha.

Kuhusu ukuta wa nyumba: Juni jua linaegemea kaskazini, kwahiyo ukuta wa upande wa kusini unakaa kivulini kutwa, halafu Desemba jua linahamia kusini na ule ule ukuta unachomwa. Mtu anapanda kaladiamu hapo wakati wa baridi anasema nimepata kivuli safi, kumbe kina tarehe ya mwisho. Chunguza sehemu kwa mwaka mzima kama una subira, kama huna, uliza aliyekaa kwenye hiyo nyumba.

## Udongo, maji, chumvi

Kwangu ni mchanga mtupu, maji yanazama kama kwenye chujio. Nifanyeje?

Chimba shimo kubwa kuliko unavyofikiria, kama sentimita 50 kwenda chini na upana huo huo, hata kama mche uko kwenye kiriba kidogo. Changanya mchanga uliotoa na samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri, nusu kwa nusu sio dhambi. Ongeza usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) kama unao, unashika maji vizuri mno. Ila sikiliza: usumba au makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, hayo loweka kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) mara tatu nne ukimwaga, au tumia makumbi makavu ya shambani ambayo hayajaonja bahari.

Juu tandaza majani makavu, maganda ya karanga au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapita kwenye hayo majani moja kwa moja mpaka kwenye gome.

Maganda ya korosho je? Yamejaa kila mahali.

Najua, na mkono unawasha kuyachukua bure. Ila ganda la korosho lina mafuta makali, wabanguaji wanajua yanavyobabua vidole, na haliozi upesi. Mi siyaweki kwenye maua. Majani ya mkorosho yaliyodondoka tumia bila wasiwasi. Mabibo yaweke kwenye shimo la mboji uyafunike na udongo, ukiyaacha juu utakaribisha nzi wa mtaa mzima.

Nimwagilie mara ngapi?

Hamna namba moja. Chomeka kidole, kikifika kiungo cha pili bado pakavu, mwagilia. Kwa kawaida mmea mpya kiangazi siku moja mwagilia, siku moja ruka, uliokwisha shika mwaka mara mbili kwa wiki, na umwagilie ukate kiu kabisa, ndoo nusu kwa mmea mmoja, sio kunyunyizia juu juu kila jioni. Ukinyunyizia juu mizizi nayo inabaki juu, halafu Oktoba inaungua. Kolias na kana kila siku. Bogenvilia kinyume chake, ikishashika mwachie kiu kidogo ndo inatoa rangi, ukiibembeleza na maji inatoa majani tu.

Maji ya kisima changu yana chumvi chumvi, yanaua?

Hayaui leo, yanaua polepole. Dalili ni ncha na kingo za majani kukauka kahawia kuanzia nje kwenda ndani (jani lililounguzwa na jua linapauka madoa katikati, ndo tofauti). Ukiwa na maji ya bomba, changanya. Ukiwa na kisima tu, mwagilia mara chache lakini maji mengi, ili chumvi isukumwe chini isibaki kwenye mizizi, na usimwagie majani. Mvua za kwanza zikija ziache zioshe. Mimea ya kwenye vyungu inaumia zaidi kwa sababu chumvi haina pa kwenda, ukiona ukoko mweupe juu ya udongo badilisha udongo wote.

Nakaa karibu na ufukwe, upepo unatoka baharini moja kwa moja. Nini kitakaa?

Mstari wa mbele weka wagumu: bogenvilia, adeniamu, sansevieria. Hao wavunje upepo. Nyuma yao ndo uweke kroton na akalifa, nyuma kabisa karibu na ukuta kodilini. Dada mmoja wa Shangani alipanga kinyume, kodilini za pinki mbele ili zionekane barabarani, kusi ikaanza na Agosti zilikuwa zimechanika kama bendera za kampeni iliyopita. Wakati wa kusi kali suuza majani na maji baridi jioni mara moja kwa wiki.

Mbolea gani inaongeza rangi?

Hamna ya kuongeza rangi. Rangi inatoka kwenye jua na kwenye mbegu yenyewe. Samadi iliyooza kila mwanzo wa mvua na tena Machi inatosha. Ukitaka ya dukani tumia NPK (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ambayo namba zake tatu kwenye mfuko ni sawa, kijiko kimoja cha chakula kwa mmea mkubwa, mbali na shina, wakati udongo una maji. Samadi ya kuku mbichi inaunguza, iache miezi miwili mitatu kwanza.

## Mmea umebadilika ghafla

Nimeleta kroton kutoka Dar, imefika na wiki moja baadae imepukutisha majani yote.

Hiyo ni tabia yake, haipendi kuhamishwa. Fikiria kilomita kama 560 kwenye buti la basi, giza, joto, halafu inashushwa stendi juani. Iweke kivuli chepesi, udongo uwe na unyevu lakini usiloe chapachapa, usitie mbolea. Kwaruza gome kwa ukucha, kama chini ni kijani iko hai na baada ya wiki tatu nne itachipua. Watu wanazing'oa mapema mno. Kama unaweza kununua iliyooteshwa huku huku nunua, itakuwa ndogo na pengine ghali kidogo ila imeshajua jua la hapa.

Kaladiamu yangu imenyauka majani yote Mei, nimeitupa.

Ilikuwa imelala, pole. Kaladiamu ni ukoo mmoja na magimbi, ina kiazi chini. Kiangazi majani yanakufa na kiazi kinapumzika. Chimba kiazi, kikaushe kivulini siku chache, kiweke kwenye mchanga mkavu ndani ya boksi mbali na panya. Kuelekea Desemba ukiona kinaanza kutoa chipukizi, panda tena, upande wenye macho juu. Ukiiacha ardhini nayo inawezekana, ila usimwagilie hapo kiangazi chote na weka kijiti cha alama, la sivyo mwenyewe utakipiga jembe.

Kolias imerefuka, imetoa maua na imekuwa mbaya.

Kata vichwa. Kolias ni ndugu wa mrehani, ukiona mashuke ya maua yanaanza yachane na kucha, mmea unatoa matawi pembeni. Ukiacha ichanue inazeeka.

## Kuzalisha miche

Kijiti cha kroton nakataje?

Ncha ya tawi ya sentimita 15 hivi, gumu kidogo lisiwe laini kama mchicha, ondoa majani ya chini bakisha matatu manne juu. Utomvu mweupe utatoka, osha na maji. Chomeka kwenye kiriba cha mchanga na mboji, kivulini, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Wiki nne mpaka sita. Wakati mzuri ni Desemba mpaka Februari, hewa ina unyevu. Utomvu usikuguse macho, na kwenye nguo unaacha doa lisilotoka.

Kodilini, akalifa na kolias ni hivyo hivyo?

Akalifa ndio, na ni rahisi zaidi. Kolias weka tu kwenye glasi ya maji dirishani, wiki moja mbili ina mizizi. Kodilini iliyorefuka ikabaki na majani juu tu, kata: kichwa panda kama kijiti, shina likate vipande vya kama kidole, vilaze kwenye mchanga wenye unyevu ukivifukia nusu, kila kipande kinaweza kutoa mche. Kisiki nacho kinachipua. Mmea mmoja mbaya unakupa kumi.

Marikoti ni nini, na inafaa?

Ni kuotesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mti. Inafaa kwa kroton kubwa na ndo njia yangu kwa mteja anayetaka mche mkubwa haraka. Menya gome pete ya upana wa sentimita 2 au 3, funga usumba uliolowekwa na kukamuliwa, viringisha nailoni, kaza juu na chini. Miezi miwili hivi ukiona mizizi kwenye nailoni kata chini yake upande. Bogenvilia inasumbua kwa vijiti, vingi vinakufa, chukua vigumu vya unene wa penseli na panda vingi.

## Wadudu, wanyama, watoto

Kuna unga mweupe kama pamba kwenye vikonyo.

Vidung'ata. Wakiwa wachache wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, wakizidi pulizia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, mara moja kila siku nne tano. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulala usiku mmoja nayo yanasaidia. Angalia pia papai la jirani, likiwa jeupe kwa vidung'ata basi haibiskasi yako iko foleni. Na sisimizi wakipanda na kushuka ujue wanawachunga hao wadudu kwa ajili ya ule utamu wao.

Kiangazi kuna adui mwingine, utitiri: majani yanakuwa na vumbi na nukta nukta za njano, chini kuna utando. Maji ya presha chini ya majani, asubuhi, siku tatu mfululizo.

Mimea hii inaleta nyoka?

Swali la bibi zetu wote. Mmea hauleti nyoka, kichaka kinene chini kinahifadhi panya na vyura, na nyoka anafuata chakula. Punguza matawi ya chini uone ardhi, usirundike vyungu na matofali kwenye kona.

Mbuzi na watoto je?

Kaladiamu inawasha mdomo na koo kama gimbi bichi, zaidi. Utomvu wa kroton unawasha ngozi. Alamanda, ile ya maua ya njano, isiliwe. Ya kuogopa kweli ni oleanda, sehemu zote ni sumu kwa mtu na mfugo, mi siiuzi hata ukinibembeleza. Mbuzi wa jirani wameingia kwangu mara mbili, kroton hawakugusa, bogenvilia changa walimaliza mpaka miiba.

Vyungu vinaleta mbu?

Visahani vya chini vyenye maji ndio, na ndoo tupu. Mbu anayeeneza dengue anapenda maji machache hivyo hivyo. Mwaga kila siku tatu au usiweke visahani kabisa.

## Ya pembeni pembeni

Shamba la jirani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi limejaa kwenye maua yangu.

Hili la kwetu peke yetu nadhani. Salfa yenyewe sio balaa, suuza na maji asubuhi kabla jua halijawa kali. Ila usipulizie mafuta yoyote, hata ya mwarobaini, ndani ya wiki mbili baada ya hapo, salfa na mafuta vikikutana majani yanaungua. Niliharibu akalifa zangu zote mwaka mmoja nikidhani nazitibu. Msimu huo tumia maji tu.

Niko Newala, inakuwaje?

Juu ya uwanda wa Makonde usiku kuna ubaridi, kolias na kodilini zinafurahi kuliko huku chini. Shida yenu ni maji. Kusanya ya bati kipindi cha mvua, yale ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yapeleke kwenye maua (yenye jiki hapana), na panda michache. Masasi ni joto na ukame zaidi, fuata orodha ya jua la kutwa kwenye swali la "Ipi jua kali".

Nimepanga nyumba, nikihama sitaki kuacha mimea yangu.

Ndoo za rangi za lita 20, toboa matundu sita chini, sio mawili. Kroton, sansevieria na adeniamu zinakaa humo miaka. Paka ndoo rangi nyeupe nje, nyeusi inapika mizizi. Siku ya kuhama funga majani na kanga, upepo wa kwenye kirikuu unachana kila kitu.

Lantana ina rangi nzuri, inaota yenyewe na haitaki maji. Kwanini huipandi?

Kwa sababu inaota yenyewe na haitaki maji. Ndege wanakula matunda wanapeleka mbegu porini, inafunga malisho, na mifugo ikiila inaugua. Ukitaka rangi kama hiyo bila kazi, iksora. Nyekundu na ya machungwa zote ninazo, ila njoo baada ya mvua kuanza, kwa sasa bado ndogo.